Wimbo ni wa Anayetuza

Katika miaka ya 1990, wakati kumbi za Dar es Salaam zilipojaa watu waliokwenda kusikia leo nani atampasha nani, kundi la Muungano Cultural Troupe lilitoa wimbo wa taarab ulioitwa "Sanamu la Michelini". Mwimbaji alikuwa Nasma Khamis, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kidogo. Aliyekusudiwa hakutajwa, maana mpasho, yaani wimbo wa kumsuta mtu kwa mafumbo, hautaji jina, lakini hapakuwa na haja ya kutaja. Ukumbi mzima ulijua kwamba lile jitu jeupe la kutangazia matairi, lenye mikunjo ya mipira kuanzia shingoni hadi miguuni, ni Khadija Omar Kopa wa Tanzania One Theatre. Khadija alikuwa mnene. Sasa unene wake ulikuwa umetungiwa beti, ukatiwa kinanda, na watu walilipa kiingilio kuusikia ukiimbwa.

Ukimsimulia mgeni mkasa huu, atadhani ndio ulikuwa mwisho wa mwanamke huyo. Mji mzima unakuita sanamu, uso utauweka wapi? Khadija Kopa aliuweka palepale ulipokuwa, mbele ya kipaza sauti. Miaka zaidi ya 20 baadaye alikuwa bado anaimba, akiitwa Malkia wa Mipasho, na bendi yake aliipa jina la Ogopa Kopa.

Hakuanzisha chama cha kutetea wanene, wala hakuongoza maandamano. Ukitaka mwanaharakati wa namna hiyo itabidi uvuke bahari, na baadaye nitavuka. Lakini nikiulizwa ni nani katika jiji hili aliyemfanya mtu mnene aweze kusimama mbele za watu bila kuomba radhi, naanza na yeye, na sababu zangu zinahitaji historia ndefu kidogo ya miili ya watu wa Dar es Salaam.

Historia hiyo naianzia Kawe. Kabla ya daladala na nyumba za kupanga za Ukwamani na Mzimuni, Kawe ilikuwa kipande cha mwambao wa Wazaramo unaopanda kaskazini kupitia Kunduchi hadi Bunju. Huko Bunju, katika miaka ya 1960, mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz aliishi na wanakijiji akiandika mila zao, na sehemu kubwa ya alichokiandika inamhusu mwali. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Juani hatoki, kazi ngumu hapewi, anafundwa na kulishwa. Miezi inapita, na zamani ilikuwa zaidi ya miezi. Siku ya kutolewa, macho ya wanawake yalipita mwilini mwake kama macho ya wanunuzi: ngozi imetakata, mashavu yamejaa, mikono imeviringika. Mwali aliyetoka mkavu alizua maneno. Nyumba ile haina chakula, au inacho na wenyewe wana choyo?

Hapo kuna jambo ambalo wapenzi wa kusema "sisi Waafrika tunapenda wanene" hulipita haraka. Unene wa mwali haukuwa wake. Ulikuwa sifa ya waliomlisha, ya baba, mama na shangazi, na baadaye ya mume. Mwenye mwili alikuwa ushahidi tu wa utu wa watu wengine, na ushahidi hauulizwi unajionaje.

Kisha Kawe ikapata hesabu nyingine ya nyama. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa bado inagawa nyama kwa kadi, na mgawo huo haukwisha hadi 1954. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliingia ubia na kampuni ya Liebig, na hapa Kawe kikajengwa kiwanda cha Tanganyika Packers. Ng'ombe walitoka bara, wengine wakiswagwa kwa miguu na wengine wakipakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, wakaishia kwenye makopo yaliyopanda meli kwenda kwa wenye kadi. Kawe ilibaki na ajira, harufu na mifupa. Kiwanda kilikufa zamani; jina halikufa. Mpaka leo ukisema "Packers" kondakta anajua pa kukushusha, na viwanja vyake vimekuwa vya mikutano ya hadhara na ibada.

Nalitaja kopo la nyama kwa sababu siasa iliyokuja baada ya Uhuru ilitumia lugha ya ulaji. Adui wa Mjamaa aliitwa mnyonyaji, aliitwa kupe. Kupe hunenepa kwa damu ya mwingine. Ndiyo kazi yake pekee. Katika vibonzo vya miaka ya Azimio la Arusha, bepari alichorwa na tumbo lililotangulia mbele, sigara mdomoni, na mfanyakazi mkondefu chini yake. Kijana wa taifa jipya alikuwa mkakamavu, mwenye jembe, mbavu zikionekana kidogo. Serikali ilikuwa na maoni juu ya miili ya watu wake hata nje ya shamba: mashindano ya urembo yaliyoanza 1967 yalipigwa marufuku mwaka uliofuata, na kuanzia Januari 1969 Operesheni Vijana ya TANU ikawaandama wenye sketi fupi, mawigi na madawa ya kujichubua mitaani Kariakoo.

Halafu njaa. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970 ulileta unga wa njano kutoka Marekani, ambao watu waliubatiza unga wa Yanga. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, Rais, Mwalimu Nyerere, aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, mikanda ikaongezwa matundu. Sukari ilikuwa foleni, sabuni ilikuwa foleni, kanga ilikuwa foleni. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, msako wa wahujumu uchumi uliingia majumbani na kuchimbua magunia yaliyofichwa. Katika hali hiyo, mtu mwenye kitambi akisimama kwenye foleni ya duka la ushirika ilikuwa vigumu kutomtazama mara mbili. Anakula wapi huyu?

Tazama basi mzigo ambao mwili mnene ulikuwa umekwisha kubebeshwa kabla Khadija Kopa hajapanda jukwaa lolote la Dar. Kwa mwanamke ulikuwa sifa ya nyumba yake. Kwa mwanamume ulikuwa dalili ya wizi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaongezewa mzigo wa tatu, ulioupindua ule wa pili.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, Waganda waliuita ugonjwa huo "Slim", kwa namna ulivyomkausha mtu. Mji ukaanza kusoma miili. Shavu likiingia ndani, jirani anahesabu. Aliyekonda kwa kisukari, kwa kifua kikuu au kwa mawazo ya mume alikutana na macho yaleyale, na kulikuwa na misemo kamili ya kumhukumu: kakanyaga miwaya, kapata umeme. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa hiyo kwa miaka 20 hivi, kunenepa kulikuwa cheti cha afya ambacho hakuna hospitali ingeweza kukupa. Wapo waliovaa nguo mbili, ya juu na ya chini yake, ili wasionekane wamepungua.

Wimbo wa "Sanamu la Michelini" uliimbwa katikati ya miaka hiyohiyo. Ndiyo maana msikilizaji wa leo anaweza kushangaa: katika mji ulioogopa wembamba kiasi hicho, kumwita mtu mnene lilikuwa tusi la namna gani? Jibu langu ni kwamba kusifiwa na kuheshimiwa ni vitu viwili. Mnene alisifiwa akiwa mke wa mtu, akiwa mwali, akiwa mama aliyekaa kwenye mkeka. Akisimama yeye mwenyewe, akadai kusikilizwa, akalipwa kwa sauti yake na akawa na wapinzani, palepale sifa ile iligeuka kicheko. Bonge. Tipwatipwa. Nyama uzembe. Hayo nayo ni maneno yetu, hayakuletwa na meli.

Mwaka 1992 nchi iliruhusu vyama vingi, na mwaka huo huo chama tawala, CCM, kikapata kundi lake la sanaa, Tanzania One Theatre, yaani TOT. Kiongozi wake alikuwa Kapteni John Komba, mwanajeshi mwimbaji kutoka pwani ya Ziwa Nyasa, mtu wa mwili mkubwa na sauti iliyolingana nao. Muungano, chini ya Norbert Chenga, lilikuwa tayari kundi kubwa la kibiashara. Onyesho la makundi haya lilikuwa karamu ya saa nyingi: ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo, kwaya, na taarab ikiwekwa mahali ambapo hakuna anayetaka kwenda nyumbani. TOT walichukua wasanii kutoka kila upande, wengine kutoka Zanzibar, na mmoja wao alikuwa Khadija Kopa, aliyelelewa kimuziki na Culture Musical Club ya Vuga.

Tofauti ya kazi hizo mbili ilikuwa kubwa. Culture ni taarab ya fidla, kanuni na udi, mwimbaji ametulia, hadhira imekaa, fumbo linaachwa lizame. Jukwaa la Dar lilikuwa kinanda cha umeme na gitaa la besi, watu wamesimama, fumbo limepunguzwa nguo. Mashabiki waligawanyika kama Simba na Yanga. Kulikuwa na mashindano ya ana kwa ana, kundi moja likimaliza lingine linajibu, na Khadija na Nasma waligeuzwa majenerali wa vita ambavyo beti zake nyingi zilitungwa na wanaume waliokaa nyuma ya vyombo. Hilo la mwisho nalisema kwa makusudi. Tunapenda kusimulia mipasho kama ugomvi wa wanawake. Mara nyingi mwanamume ndiye aliyekaa na kalamu akachagua wapi pa kuchoma, na mwili wa mwanamke ulikuwa mahali rahisi.

Mimi nasikia kitu kingine pia katika "Sanamu la Michelini". TOT walikuwa na chama tawala nyuma yao, na vyombo ambavyo wengine walivitamani. Muungano walijitegemea. Kumwita nyota wa TOT sanamu lililojazwa upepo lilikuwa pigo la mwili, ndiyo, lakini kwa waliokumbuka vibonzo vya kupe lilikuwa na ladha ya zamani: anayenenepeshwa. Tusi moja likachuma katika mashamba mawili.

Sanamu lenyewe halikuzaliwa na ubaya. Lilichorwa mwaka 1898 na msanii wa matangazo aliyejiita O'Galop, kwa ajili ya kina Michelin wa Ufaransa, na lilikusudiwa lipendwe. Linacheka, linakunywa, linapunga mkono. Huku kwetu lilifika likiwa limenyamaza, limekaa kwenye maduka ya matairi. Nadhani ukali wa wimbo ulikuwa hapo. Sanamu halijibu.

Naye akajibu, na ili kuelewa ilikuwaje lazima nieleze kutuza, kwa sababu wasioijua taarab hudhani wimbo ni wa mwimbaji. Mwanamke yuko kwenye meza yake na mashoga zake. Linakuja neno analolitaka. Anainuka, anatembea taratibu hadi jukwaani huku akicheza, noti mkononi, na anampa mwimbaji fedha mbele ya wote. Wakati mwingine, akirudi, anamtupia jicho aliyekusudiwa, ambaye naye yuko humo humo ukumbini. Tangu hapo ubeti ule ni wake. Mwimbaji ameukodisha. Kwa hiyo usiku wowote wimbo wa kumsuta mnene ulipopigwa, mwanamke mwembamba wa Magomeni aliweza kuununua ubeti na kumpelekea mke mwenzie mnene wa Magomeni. Tusi lililotungwa kwa ajili ya nyota mmoja liligawanywa kwa rejareja mji mzima.

Sasa fikiri upande wa pili. Khadija anapanda. Hajajificha ndani ya baibui la kupunguza umbo. Amevaa gauni linalong'aa, mabega nje kama fasheni ilivyotaka, anatikisika kadiri wimbo unavyomtaka. Anaimba jibu. Na kutoka meza za nyuma wanainuka wanawake wa mwili wake, mmoja, wa pili, wa sita, noti juu, wanakwenda kumtuza. Hawakwenda kuambiwa kwamba wao ni wazuri. Walikwenda kununua neno la mwisho, bidhaa ambayo mwali wa Bunju hakuwahi kuuziwa. Wimbo kwa wimbo majibizano yaliendelea, Nasma naye akipata zake, na sitaki kumfanya yeye mkosaji wa hadithi hii: alikuwa kazini, alikuwa fundi, na bila mpinzani wa kiwango chake Kopa asingepata pa kupandia.

Zanzibar kulikuwa na mfano uliotangulia. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alisutwa kwa asili yake ya kimaskini huko Fumba na kwa sura ambayo wenye majumba hawakuiona kuwa ya mwimbaji. Shaaban Robert anaeleza katika wasifu wake jinsi alivyoyageuza masuto yale kuwa nyimbo. Kopa alirithi utaratibu huo, kwamba anayesutwa kwa mwili hujibu kwa koo. Alichoongeza yeye ni kwamba hakuomba mwili wake usahauliwe kwa sababu ya sauti. Siti alisema, kwa ufupi, tazameni akili na si sura. Kopa alisema tazameni.

Wakati huohuo, kilomita chache kutoka kumbi zile, jukwaa jingine lilikuwa limerudishwa. Mwaka 1994 mashindano ya Miss Tanzania yalianza tena baada ya robo karne ya marufuku, yakija na kanuni za kimataifa za urefu na kiuno. Wazazi wengi walishtuka, na si kwa sababu ya vazi la ufukweni peke yake: hawakuelewa kwa nini binti aliyekonda hivyo anapewa gari. Kwa miaka kadhaa jiji lilikuwa na vipimo viwili vya mwanamke, kimoja cha hoteli na kimoja cha ukumbi wa taarab, na wasichana wengi walijaribu kuvitii vyote kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Ndipo, miaka ya 2000, zikaenea dawa za Kichina za kuongeza makalio na hips, vidonge na krimu zilizouzwa saluni na kwa wamachinga, huku Mamlaka ya Chakula na Dawa ikionya juu ya madhara yake. Waliozitumia walitaka unene uliochaguliwa mahali: nyuma ujae, tumbo libaki bapa. Sioni ushindi wa wanene hapo. Mwili ulirudi kuwa bidhaa ya macho ya watu.

Niliahidi kuvuka bahari. Juni 1967, mtangazaji wa redio Steve Post aliwakusanya watu wapatao 500 katika bustani ya Central Park, New York, wakala hadharani, wakachoma vitabu vya kupunguza uzito na picha ya Twiggy, mwanamitindo mwembamba wa Uingereza. Mwaka 1969 mhandisi mmoja, Bill Fabrey, aliyechoshwa na jinsi mkewe mnene alivyotendewa, alianzisha chama cha kitaifa cha kutetea wanene. Huko Los Angeles, kundi la wanawake lililojiita Fat Underground lilitoa ilani yake Novemba 1973, ikiwa na majina ya Judy Freespirit na mwenzake aliyejiita Aldebaran. Walidai haki za kazi, elimu, matibabu na usafiri, na wakawataja wauza dayati kuwa maadui. Mwimbaji Cass Elliot alipofariki London mwaka 1974, na magazeti yakacheka kwa uongo kwamba alikabwa na kipande cha mkate wa nyama, wanawake hao walipanda jukwaa la mkutano wa haki za wanawake na kuishitaki taaluma ya udaktari: Cass alikuwa akijinyima chakula kwa muda mrefu, na moyo wake ulisimama.

Walijenga hoja, na kwao ilifaa; mnene wa Marekani alikuwa amenyimwa hata sifa. Wetu alikuwa na sifa za kumwaga na alihitaji nafasi ya kusema. Ukichanganya sifa na nafasi hiyo unapata kioja kilichotokea Uganda mwezi Februari 2019, Waziri wa Nchi wa Utalii, Godfrey Kiwanda, aliposimama pamoja na waandaaji wa Miss Curvy na kuwatangaza wanawake wanene kuwa kivutio cha watalii. Waganda walikasirika, wanawake wakiwa mbele. Mwanamke aliingizwa orodha moja na sokwe na chanzo cha Mto Nile, na bado kuna waliodhani wanamsifu.

Nisiifanye hadithi iwe tamu kuliko ilivyo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, kutoka asilimia 18 mwaka 2004–05, na mijini ndiko wengi walikokuwa. Presha na kisukari viko kila mtaa wa Kawe. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Kapteni Komba alifariki tarehe 28 Februari 2015, akiwa mbunge wa Mbinga Magharibi, na msiba wake ulikuwa nyumbani kwake Mbezi Beach, majirani zetu hapa juu. Mwishoni mwa 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua siku ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na klabu za jogging zikazidi kuota kila kata. Alfajiri ya Jumamosi barabara ya Kawe ina fulana za rangi nyingi kuliko magari.

Sina ugomvi na jogging. Ugomvi wangu ni na anayetumia presha kama ruhusa ya kusimanga. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu wanachotumia kliniki kinatokana na hesabu za Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akisaka mtu wa wastani katika umati, na kilipewa jina lake la sasa mwaka 1972 na Ancel Keys, aliyekipendekeza kwa ajili ya kuchunguza makundi ya watu. Ni kipimo chenye kazi yake. Lakini mama mwenye maumivu ya goti akipanda mizani, akaambiwa "punguza mwili" na mlango ukafungwa, goti lake halijatibiwa. Wanawake wengi wanene huacha kwenda kabisa. Hapo ilani ya Los Angeles ingetufaa kuliko mpasho wowote, na lazima niseme hivyo ingawa namsifu Kopa.

Na bado yeye aliendelea kupanda. Alihama makundi, akarudi, "Full Stop" ikapigwa kwenye kila kitchen party, na hatimaye akawa na Ogopa Kopa. Waliokuja nyuma yake, kina Isha Mashauzi wa Mashauzi Classic, walikuta mlango wazi. Hakuna mwenye bendi aliyewauliza watasimamaje na mwili ule. Mwaka 2020 binti yake, Zuchu, alipotoka chini ya lebo ya Wasafi, mama aliingia kwenye wimbo wa "Mauzauza" na kuimba sehemu yake. Zuchu ni mwembamba, anacheza muziki wa rika lake, na hadhira yake nyingi haijawahi kutia mguu katika ukumbi wa taarab. Hawakumpokea mama kama kioja. Walimpokea kama bingwa aliyepita kusalimia.

Kwenye daladala za Kawe vita vyenyewe ni vya rejareja bado. Konda anasema, "Mama, wewe ni siti mbili." Wapo wanaolipa wakanyamaza, wapo wanaoshuka. Na yupo anayefungua pochi, akatoa nauli ya watu wawili, akakaa, akaiweka pochi kwenye siti ya pili na kuuliza kwa sauti ya gari zima kama kuna atakayemwondoa hapo, maana amelipiwa. Abiria wanacheka, na safari hii wanamcheka konda, ambaye hesabu ya tajiri inamtaka abananishe watu watano pa wanne, na pochi haibananiki.